Picha Moja Inunue Nyingine: Hesabu ya Kazi ya Msanii katika Chama cha Ushirika

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na katibu wa chama cha wachoraji mbele ya semina ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama. Tunayachapisha kwa kuwa wengi walioyasikia waliomba nakala.)



Wengi wenu mmetoka katika vyama vya mazao. Mnapima korosho, ufuta na mbaazi. Mizani yenu inajulikana na magunia yenu yanahesabika. Mimi nimetoka katika chama kidogo cha wachoraji wa picha, na chama chetu hakina mizani. Nilipoarifiwa ya kwamba natakiwa kuzungumza nanyi, mwenzangu mmoja aliniuliza kwa mzaha, "Utawaambia nini wakulima, nawe jembe hulijui?" Nilimjibu ya kwamba nitawaambia habari za hasara, maana hiyo ni lugha ambayo kila katibu anaielewa.

Sikuja kuisifu sanaa. Sanaa inao watu wengi wa kuisifu, na wachache wa kuilipa. Nimekuja kueleza jinsi kazi ya msanii inavyoweza kuendeshwa hata ikamlisha mwenyewe mwaka huu na mwaka ujao, na jinsi chama cha ushirika kinavyoweza kuisaidia kazi hiyo au kuiua. Neno langu ni moja, nami naliweka mbele ili yule atakayelazimika kuondoka mapema aondoke nalo: picha haijauzwa mpaka imenunua picha nyingine. Fedha inayopatikana kwa picha ya leo isipotosha kununua kitambaa, rangi na siku za kazi za picha ya kesho, basi hatukuuza. Tulichofanya ni kugawa mali yetu, tukaongezewa nauli ya kurudi nyumbani.

TULIKOTOKA

Namna ya uchoraji tunayoifuata ilianzishwa Dar es Salaam na marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Wilaya ya Tunduru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao nyembamba za kuezekea dari, akitumia rangi za mafuta za aina ile inayopakwa baiskeli. Hakupata kusomea kazi hiyo shuleni, wala hakuwa na mtaji wa kutajika. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, mahali ambapo wageni waliokuwa wakiishi mjini walifika kununua mahitaji yao. Aliwafundisha vijana wachache, wengi wao wakiwa jamaa zake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi iliyopigwa kwa makosa. Kazi iliyolifanya jina lake lijulikane duniani ilikuwa imedumu miaka michache tu.

Vijana wale wangeweza kutawanyika. Badala yake waliendelea kuchora mahali pale pale, wakawafundisha wengine, wakajikusanya katika kikundi, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika. Hivyo ufundi wa mtu mmoja aliyekufa mapema umekuwa riziki ya vizazi vya watu ambao hawakupata kumwona.

Upo pia upande wa pili wa habari hii, nao ni lazima tuutazame bila kujificha. Ufundi ukishakuwa mali ya wote, kila mtu anaweza kuchora tembo yule yule, na mnunuzi hupita kutoka kibanda hadi kibanda akiteremsha bei. Wa kwanza anataja 60,000, wa pili 45,000, wa tatu anasema, "Chukua kwa 25,000, nimeamka sijala." Hapo wachoraji watatu wameshindana, na aliyeshinda ni mtu wa nne. Wakulima mnalijua jambo hili. Ndivyo walivyofanya walanguzi walipopita mlango kwa mlango kununua korosho kabla hazijafika ghalani.

KOSA NILILOLIFANYA

Ndugu Makatibu, napenda sasa niwaeleze kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu na kwa muhuri wa chama. Namba nitakazozitaja nimezigeuza kwa bei za leo ili zieleweke kwa urahisi.

Wakati huo kikundi chetu kilikuwa na wachoraji kumi na wawili. Alikuja mnunuzi mmoja, mtu mwenye maneno mazuri, akataka picha 400 za kipimo cha futi mbili kwa mbili. Bei aliyotaja ilikuwa shilingi 30,000 kwa kila picha. Nilizidisha nikapata shilingi 12,000,000. Niliposoma namba ile mbele ya wanachama, watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza, maana katibu hupewa kalamu ili aulize, lakini nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Malipo ya kwanza yalikuwa theluthi moja, yaani shilingi 4,000,000. Vitambaa, fremu, rangi, tapentaini na uchukuzi viligharimu shilingi 12,500 kwa picha moja, jumla shilingi 5,000,000. Kwa hiyo hata kabla ya kuchovya brashi tulikuwa na upungufu wa milioni moja, nasi tukaikopa kwa mwenye duka la rangi.

Picha moja ya kipimo kile huchukua siku mbili kwa mchoraji asiyelipua kazi. Picha 400 ni siku 800. Kwa watu kumi na wawili ni kama siku 67 kwa kila mmoja. Katika muda wote huo wateja wetu wa siku zote walifika wakakuta kuta tupu, wakaenda kwingine. Tulipokabidhi kazi, mnunuzi alikataa picha 60, akisema rangi zake hazikulingana na kielelezo. Hatukuwa na mkataba ulioeleza nani atapima kulingana huko na kwa jicho gani. Fedha iliyobaki ililipwa baada ya miezi mitatu.

Sasa tufanye hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Tulipokea jumla ya shilingi 10,200,000. Tukitoa vifaa 5,000,000, inabaki 5,200,000. Tukitoa ushuru wa chama, asilimia 10 ya mauzo, yaani 1,020,000, inabaki 4,180,000. Gawanya kwa siku 800. Kila mchoraji alilipwa kama shilingi 5,200 kwa siku, wakati kibarua wa kubeba matofali jirani yetu alikuwa akilipwa 15,000, tena jioni ile ile.

Mkopo wa duka ulipolipwa na kila mtu kuchukua chake, hapakuwa na fedha ya kununua kitambaa hata kimoja. Masika yalikuwa yameanza. Wachoraji watatu waliondoka. Mmoja wao alikuwa kijana ambaye mkono wake ulituzidi sote. Alichora ndege ambao mtu alidhani wataruka akikohoa. Alikwenda kuendesha pikipiki ya abiria. Nilimfuata mara mbili nikimsihi arudi. Mara ya pili aliniambia kwa adabu, "Katibu, pikipiki nikiitia mafuta, jioni inanirudishia mafuta yake." Sikuwa na jibu. Kijana yule alikuwa amekwisha kuifanya hesabu ambayo katibu wake hakuifanya.

Miezi kadhaa baadaye tuliiona picha ya mmoja wetu imechapishwa kwenye mikoba ya kuuzwa madukani. Kuhusu hilo nitasema baadaye.

HESABU YA PICHA MOJA

Tangu hapo chama chetu kina karatasi moja iliyobandikwa ukutani, nami naomba niisome kwenu. Ni karatasi ya picha ya futi mbili kwa mbili inayouzwa dukani kwetu.

Kitambaa na fremu, shilingi 4,000. Rangi na tapentaini, 6,500. Uchakavu wa brashi, 500. Ufungaji na uchukuzi, 1,500. Jumla ya vifaa ni 12,500.

Kazi: siku mbili za kuchora, na nusu siku ya kufuata vifaa, kuwamba kitambaa na kukaa dukani. Kwa ujira wa 15,000 kwa siku, ni shilingi 37,500. Wachoraji wengi huuacha mstari huu. Humwuliza mtu, "Picha hii imekugharimu nini?" naye anakutajia bei ya rangi. Siku zake mwenyewe hazihesabu, kana kwamba siku huokotwa njiani. Mkulima pia hufanya hivyo anaposahau kuhesabu palizi la mkewe na watoto wake.

Vifaa na kazi pamoja ni shilingi 50,000. Lakini katika kila picha kumi, moja huharibika au hukaa ukutani hadi ikafifia. Basi tisa zinazouzwa ni lazima ziibebe ile moja. Shilingi 500,000 ukizigawa kwa tisa unapata kama 55,600. Juu yake kuna ushuru wa chama wa asilimia 10, ambao ndio kodi ya pango, mlinzi na daftari. Hivyo bei inafika kama 61,800, nasi tumeandika 62,000.

Hii ndiyo tunayoiita bei ya chini. Si bei ya kila picha. Mwenye mkono mzuri na jina lililojulikana anaweza kuuza picha yake kwa 150,000 au zaidi, na chama humshangilia. Ushirika haumlazimishi fundi hodari kulingana na mwanafunzi. Unachokataza ni mmoja wetu kuuza chini ya pale ambapo picha haiwezi kununua picha nyingine, kwa kuwa akishafanya hivyo amewateremsha na wenzake.

Kwa oda kubwa tunayo karatasi ya pili, kwa sababu haki nayo ni hesabu. Mnunuzi wa jumla hutuokolea ile nusu siku, na picha zake hazikai ukutani. Tunahesabu vifaa 12,500 na siku mbili za kazi 30,000, tunaweka moja katika ishirini kwa ajili ya zitakazokataliwa, tunaongeza ushuru, na tunafika kama 49,700. Kwa hiyo bei yetu ya chini kwa oda ni 50,000. Mnunuzi akiuliza kwa nini si 30,000, hatugombani naye. Tunamwonyesha karatasi.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Kwanza, fedha ya vifaa isipite mkononi. Picha inapouzwa kwa 62,000, chama huchukua ushuru wake wa 6,200. Shilingi 12,500 za vifaa huingia katika mfuko wa vifaa, na mchoraji hurudishiwa kwa kitambaa na rangi, si kwa noti. Mchoraji hukabidhiwa 37,500, ndio ujira wake. Zinazobaki, shilingi 5,800, huwekwa akiba kwa jina lake, kufidia picha itakayoharibika na kumvusha masika. Mwanzoni wanachama walinung'unika ya kwamba katibu anawafanya watoto. Masika ya kwanza walipokuta kitambaa kipo na rangi ipo, manung'uniko yalipungua. Mkulima mwenye busara hali mbegu; nasi tumejifunza kutokula kitambaa.

Kwetu masika ni njaa ya namna nyingine. Wageni huja kwa wingi kati ya Juni na Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei barabara ni tope na vibanda ni vitupu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha safari za ndege, tuliona masika yasiyo na mwisho. Mchoraji asiye na akiba huuza kwa hofu, na anayeuza kwa hofu hupangiwa bei na mnunuzi. Mwaka ule ulitufundisha pia kutafuta wateja wa nyumbani: hoteli ndogo, zahanati, shule, na maofisi yanayotaka picha ukutani. Hawa hawalipi kwa dola, lakini hawahitaji ndege ili watufikie.

Pili, kila picha iwe na mwenyewe. Korosho hufanana na korosho wa daraja lake, kwa hiyo zenu mnaweza kuzichanganya katika gunia na kuziuza kwa mnada kwa stakabadhi ya ghala. Picha haifanani na picha. Tukiziweka katika fungu moja na kugawa fedha sawa, mvivu atamla hodari, na hodari ataondoka. Wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, Mombasa, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1963, walilitatua jambo hili zamani kwa kumpa kila mchongaji namba yake na kuiweka kwenye kazi yake. Duka ni la wote, lakini kinyago kinapouzwa inajulikana ni cha nani. Nasi tumefuata mfano huo. Kila mwanachama ana namba na ana ukurasa wake katika daftari: tarehe, kipimo, bei, aliyenunua. Mwisho wa mwaka mchoraji husoma ukurasa wake, akaona ni picha zipi zilitoka upesi na zipi zilikaa. Wapo waliogundua hivyo ya kwamba tembo wao hawatakiwi tena, lakini picha zao za soko na za harusi za mtaani zinaondoka kabla rangi haijakauka. Daftari limewatoa katika kunakili wakaanza kuchora walichokiona wenyewe, jambo ambalo hotuba zangu zilishindwa kulifanya.

Tatu, maandishi. Kuuza picha si kuuza haki ya kuinakili. Katika Tanzania Bara jambo hili lipo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo humlinda msanii katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtu aliyenunua picha ana haki ya kuitundika, kuizawadia au kuiuza; hana haki ya kuichapisha kwenye mikoba na kalenda bila ruhusa ya aliyeichora. Tulipoiona ile mikoba tulikuwa na haki, ila hatukuwa na ushahidi. Picha haikuwa imesainiwa, hatukuwa na nakala yake, na risiti ilisema "picha mbalimbali". Siku hizi kila picha husainiwa na hupigwa picha kwa simu kabla ya kutoka, na risiti hueleza picha ni ipi na imeuzwa kwa matumizi gani. Mtu akitaka kuichapisha, hiyo ni bei nyingine na karatasi nyingine. Nawashauri wenye wasanii katika vyama vyao wawasaidie kusajili kazi zao katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kabla ya ugomvi, si baada yake.

Oda nayo iwe na mkataba mfupi: idadi, kipimo, bei, kielelezo kimoja kilichosainiwa na pande zote mbili, nani atapima, siku ya mwisho ya malipo, na malipo ya awali yasiyopungua gharama ya vifaa vyote. Mkataba wetu ni ukurasa mmoja, na umetuokolea zaidi ya fedha tulizolipa kuuandika.

Nne, malighafi. Sisi wachoraji hununua kitambaa dukani, lakini ndugu zetu wachongaji hutegemea mti, na hesabu yao ina mstari mmoja zaidi. Mpingo huhitaji miaka ipatayo 70 au zaidi ili ufae kuvunwa. Mchongaji anayelipa bei ya mpanga mbao tu, bila kulipa bei ya mti utakaofuata, anakula mbegu ya mjukuu wake. Lakini njia ipo. Vijiji vya Kilwa vilivyopewa usimamizi wa misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji bora, na mti unaouzwa huko humwachia mwanakijiji fedha na sababu ya kuulinda msitu. Huko Kenya, miti ya muhugu na mpingo ilipoadimika, wachongaji wengi walihamia kwenye mwarobaini, ambao hukua upesi na hupandwa mashambani. Kinyago nacho, basi, kinunue mti mwingine.

NINAYOYAOMBA

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa ya kwamba baadhi ya vyama hapa vinajiuliza kama inafaa kuwapokea wasanii, au kuwakopesha, kwa kuwa "hawana zao la kuonyesha." Naomba mambo matatu.

La kwanza, msitukopeshe kwa huruma. Mkopo wa huruma hulipwa kwa huruma. Mtu akija kwenu na karatasi ya gharama kama hii niliyoisoma, na ukurasa wa mauzo wa mwaka mmoja, mpimeni kama mnavyompima mkulima. Akija na picha nzuri tu bila karatasi, msifuni, kisha mrudisheni akaandike.

La pili, tupeni pembejeo kwa wakati. Mchoraji anahitaji vitambaa na rangi mwezi Aprili, ili Juni wageni wanapofika kuta ziwe zimejaa. Mkopo unaokuja Agosti ni sawa na mbolea inayoletwa wakati wa mavuno.

La tatu, kila katibu ajiwekee amri moja: asitie sahihi oda yoyote, iwe ya picha, vikapu, mikeka au asali, kabla gharama ya kitu kimoja haijasomwa kwa sauti katika mkutano, siku za kazi zikiwemo. Makofi yapigwe baada ya kusoma mstari wa mwisho.

Namalizia kwa jambo ambalo bado liko mezani kwetu. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi mwingine, akataka picha 150 kwa shilingi 42,000 kila moja. Sisi sasa ni wachoraji tisa. Nilisoma karatasi yetu kwa sauti: bei ya chini ya oda ni 50,000. Ubishi ulichukua mchana mzima. Mama mmoja alisimama akasema, "Katibu, karatasi yako ni ya kweli, lakini ada ya mwanangu inadaiwa Jumatatu, na karatasi haitalipa." Hakuna aliyemcheka, maana alisema kweli. Tulipiga kura, watano kwa wanne, tukamjibu mnunuzi ya kwamba tutafanya kwa 50,000, nusu ilipwe mbele. Yule mama tulimpa mkopo kutoka katika akiba yake na ya wenzake waliokubali, na mtoto yuko shuleni.

Mnunuzi hajajibu. Huenda akakubali, huenda akaenda kwa wengine ambao hawana karatasi ukutani. Siwezi kuwadanganya ya kwamba kila anayehesabu hupata. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka huu, baada ya masika, wachoraji wote tisa walikuwapo kazini, na kitambaa kilikuwapo. Na wiki iliyopita yule kijana wa ndege aliegesha pikipiki yake mlangoni, akasimama kwa muda mrefu akiisoma karatasi ile ya ukutani. Aliuliza kama mstari wa siku za kazi hulipwa kweli au umeandikwa kwa urembo tu. Nilimfungulia daftari ajisomee.

Hakusema atarudi. Aliomba kitambaa kimoja cha kwenda nacho nyumbani, nami nilimwandikia stakabadhi.